Raba za Misi Karolina

Mjukuu wangu alirudi kutoka mjini na boksi la viatu, akaliweka kitandani pangu, akalifungua taratibu kama mtu anayefunua chungu cha pilau. Nikamwambia raba zake ni nzuri. Akanisahihisha kwa upole, jinsi vijana wanavyotusahihisha sisi wenye simu za kitochi: hizi si raba, Bibi, ni snika. Lakini harufu ilikuwa imeshanifikia. Wenzangu mliosoma miaka ile ya mwanzo wa Uhuru mnaijua harufu hiyo, ya mpira mpya, gundi, na turubai ambalo bado halijaonja maji. Mimi hunipeleka mahali pamoja tu: Kilosa, nyuma ya nyumba ya Misi Karolina, kwenye ngazi ya mlango wa jiko, nimekaa navaa viatu visivyo vyangu.

Tulikuwa tunakaa Magomeni, ile ya Kilosa. Baba alikuwa kwenye genge la reli, wale waliokuwa wakitembea na nyundo ndefu kukagua njia ya treni, na mama alifuga kuku. Misi Karolina alikuja kutoka Marekani kujitolea, akapewa madarasa ya juu ya shule yetu ayafundishe Kiingereza. Alikuwa mrefu, na madoadoa usoni kama yai la kanga, na kila asubuhi kabla ya shule alikuwa anakimbia kando ya mto Mkondoa. Wiki ya kwanza mji mzima ulitaharuki. Mtu mzima, mwanamke, anakimbia peke yake, na nyuma hakuna kitu. Mama mmoja muuza mihogo alimkamata mkono, akamwingiza nyumbani kwake, akafunga mlango, kisha akachungulia dirishani amwone huyo anayemfukuza. Misi alikaa mle ndani akanywa uji, hakujua aanzie wapi kueleza.

Miguuni alivaa raba nyeupe. Shuleni kwetu tulikuwa pekupeku karibu wote. Viatu vilikuwa vya Idi na vya Krismasi, na vilikuwa vinabana kwa sababu vilinunuliwa kwa Idi nyingine. Mwalimu Mkuu alikuwa na jozi moja aliyoipaka chaki kila Ijumaa, naye aliziita kanvasi. Lakini zile za Misi zilikuwa kitu kingine. Soli yake ilikuwa nene, na alipopita karibu na dirisha la darasa hukusikia kitu. Ulishtukia tu yuko mlangoni anatutazama, na sisi tumepanda juu ya madawati.

Kila Jumamosi nilimpelekea mayai. Saa zile Misi mwenyewe huwa yuko sokoni, na mpishi wake, Mzee Sefu, huwa amekwenda kuchukua mkate. Raba zilikuwa zimefuliwa na kuanikwa kwenye ngazi ya jiko. Jumamosi ya kwanza nilizinusa tu. Ya pili nikaingiza mguu mmoja. Ya tatu nikazivaa zote mbili, nikaondoka mbio mpaka kwenye ua wa mkonge na kurudi, miguu inaelea humo ndani kama samaki kwenye ndoo. Kufunga kamba nilijifunza darasani, kwa kutazama mikono ya Misi alipoinama kukaza zake. Nilikuwa na miaka kumi na moja au kumi na mbili, na sijawahi kufanya jambo la siri lililonipa raha kama ile.

Foibe alikuwa mlinzi wangu. Foibe alitoka milimani, upande wa Berega, ameletwa kwa dada wa mama yake, ambaye tulimwita Mama Mkubwa, ili asomee mjini. Alikuwa amenizidi mwaka mmoja na kichwa kizima. Yeye alisimama kwenye ua akitazama njia, na nilipomwambia zamu yake imefika alitikisa kichwa.

"Miguu yangu ikizizoea nitafanyaje?" aliniuliza.

Nilidhani anaogopa kuonekana. Haikunijia kwamba alikuwa anasema kweli kabisa.

Kitu kimoja lazima nikieleze juu ya Mama Mkubwa. Alikuwa mwanamke wa kanisa, mkali, hana mtoto wake mwenyewe, na alikuwa amemwambia Foibe mbele yangu kwamba ameletwa Kilosa kusoma. Siku atakayosikia upuuzi wowote, hata uwe mdogo namna gani, atampandisha basi la kurudi Berega na huko atalima mahindi mpaka aolewe. Foibe alikuwa akilirudia neno hilo la basi mara kwa mara, bila hasira, kama mtu anayejikumbusha siku ya mtihani.

Basi mwaka ule Misi alituambia muda wake umekwisha, anarudi kwao. Tukamuuliza kama anarudi Ulaya, akasema si Ulaya, ni Marekani, nasi tukaona ni sawa, maana Ulaya tuliyoijua ni kile kijiji kilichoko njia ya Mikumi. Kabla hajaondoka alitaka kuacha timu ya riadha ya kwenda kwenye mashindano ya shule, yatakayofanyika huko huko Mikumi. Alitupima sote uwanjani. Mimi na Foibe tukachaguliwa, yeye mbio ndefu, mimi fupi. Foibe alimwambia Mama Mkubwa kwamba shule ina safari, akaishia hapo.

Wiki hizo hizo Misi alikuwa anatufundisha maneno ya Kiingereza yanayozaa mtu. Ukichukua neno la kulima, ukaliongezea mkia wake wa *er*, umepata mkulima. Neno la kufundisha limezaa mwalimu. Kukimbia, *run*, limezaa *runner*. Tuliimba darasa zima, na Misi alikuwa akipiga meza kwa chaki. Kisha akatuongezea herufi ya es: mkiiona es mwishoni, jueni ni zaidi ya mmoja. Niliipenda sheria hiyo. Kiingereza kilikuwa kimenisumbua mwaka mzima, na sasa kilionekana kama mlango ambao nimepewa ufunguo wake.

Jumatatu moja karatasi ikabandikwa nje ya ofisi, kwa mwandiko wa Misi. Juu iliandikwa Mikumi. Chini yake *Runners*, halafu majina manane, langu na la Foibe yakiwemo. Chini kabisa, mstari wa peke yake, iliandikwa: *Sneakers – Mwanaidi*.

Mwanaidi ni mimi.

Nilisimama pale mpaka kengele ikalia. Neno lile sikulijua, lakini nilijua jinsi ya kulifungua. Wakati wa mapumziko nilimwomba Mwalimu Mkuu ruhusa ya kutazama kamusi iliyokaa kabatini, akanipa akiamini nimeanza kupenda masomo. Nikakata mkia, nikatafuta *sneak*. Kamusi ilisema kunyemelea, kunyatia, kwenda kwa siri na kwa hila. Nikarudisha mkia mahali pake. Mnyemeleaji. Nikarudisha na es. Wanyemeleaji.

Kwa hiyo alijua. Alikuwa ametupanga hadharani, wakimbiaji juu na wanyemeleaji chini, na mimi ndiye wa kwanza. Na ile es ilinitia baridi zaidi ya jina langu, kwa sababu ilikuwa na maana kwamba Misi anajua tulikuwa wawili, amemtaja mmoja na anamngoja huyo mmoja amtaje mwenzake.

Nilimweleza Foibe nyuma ya vyoo. Hakulia kwa sauti. Alikaa chini, akafunika magoti kwa sketi, akasema basi la Berega linaondoka saa mbili asubuhi.

Mchana wote sikusikia kilichofundishwa. Nilichokuwa nikikifikiria si fimbo, fimbo nilikuwa nazijua. Nilimfikiria baba, ambaye genge lote la reli lilimwita Mwaminifu kwa utani, kwa sababu aliwahi kuokota pochi ya abiria na kutembea nayo stesheni mbili. Na nilimfikiria Foibe na jembe. Kengele ya mwisho ilipolia nilikuwa nimeshaamua. Sikumwambia mtu, nikaenda kwa Misi peke yangu, na kwa mara ya kwanza nikapiga hodi mlango wa mbele.

Misi alikuwa anapanga vitabu kwenye makasha. Alinikaribisha kwa Kiswahili chake kilichokuwa kikitembea kama mtu mwenye mchanga kiatuni. Nikamwamkia, nikasimama wima kama gwarideni, na maneno niliyoyapanga njia nzima yakapotea isipokuwa moja.

"Misi, naomba uondoe ile es."

Hakuelewa. Akauliza es gani. Nikamwambia ya kwenye karatasi ya ofisini. Nikamwambia mnyemeleaji ni mmoja tu, ni mimi, ni mimi niliyevaa viatu vyake Jumamosi tatu, na nyingine mbili ambazo labda yeye hazijui, ya kunusa na ya mguu mmoja, na Foibe hakuvaa hata siku moja, alikataa, alisimama tu kwenye ua, na kusimama kwenye ua si kunyemelea. Afute es, aache jina langu. Nilisema yote hayo bila kupumua, nikimtazama kiwiko.

Nilipoinua macho nilitegemea hasira. Uso wa Misi ulikuwa umebadilika, ila si kwa hasira. Alikaa chini juu ya kasha la vitabu. Akauliza taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, kama ni mimi niliyezirudisha raba na tope jekundu kwenye soli. Nikasema ndiyo. Halafu akainuka, akaingia jikoni, nami nikabaki sijui kama nimefukuzwa au la. Mlango ulikuwa wazi, nikaona kila kitu.

Mzee Sefu alikuwa anachambua mchele. Mzee Sefu alikuwa jirani yetu, mtu wa makamo, mwenye kanzu safi siku zote na maneno machache. Nilikuwa nimeona kwamba majuma ya karibuni alikaa nje kwenye ngazi asubuhi akingoja afunguliwe, wakati zamani aliingia kwa ufunguo wake mwenyewe. Nilikuwa nimeliona jambo hilo na sikulifikiria hata kidogo. Kumbe Misi aliona tope, akamuuliza yeye kama huazima viatu vyake au huwapa watu, yeye akajibu hapana, basi. Misi hakumwamini, akamnyang'anya ufunguo wa mlango wa nyuma.

Sasa Misi alisimama mbele yake na mikono ameiachia ovyo. "Mzee Sefu," alisema, "nimekukosea. Wewe ulisema kweli na mimi sikusikia. Nisamehe." Akatoa ufunguo kwenye mfuko wa gauni lake, akaushika kwa mikono miwili, kama alivyoona watu wa pale wakimpa kitu mkubwa wao.

Nilikuwa sijawahi kuona mwalimu akiomba radhi, wala mzungu, wala mtu mzima yeyote kwa jambo ambalo angeweza kulinyamazia. Mzee Sefu aliweka ungo chini, akafuta mikono, akaupokea ufunguo. Akasema yamekwisha. Kisha akanitazama mimi mlangoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akasema alijua tangu Jumamosi ya kwanza niliyokimbia nazo. Nyayo ndogo za miguu mitupu zilifika kwenye ngazi zikakoma, na hapo hapo zikaanza nyayo kubwa za raba. Nikamuuliza kwa nini hakunisema, mpaka yeye akapoteza ufunguo.

"Viatu vilikuwa vinarudi," alisema. "Nikataka nione siku gani utavirudisha kwa mlango wa mbele."

Ndipo Misi akaenda chumbani, akaleta raba zenyewe, nyeupe, zimefuliwa. Akaziweka mezani akaonyesha kwa kidole, akasema *sneakers*. Akaonyesha tena, kila kimoja, akasema es ni kwa sababu viko viwili. Alikuwa ameandika kwenye karatasi kwamba raba zake apewe Mwanaidi, kwa sababu uwanjani aliniona nikikimbia huku nimekunja vidole kwa ajili ya mbigili. Hakujua lolote juu ya Jumamosi zangu. Nilikuwa nimejifungia kesi na kujihukumu mwenyewe kwa kamusi.

Nilimuuliza basi kwa nini viatu viitwe vinyemeleaji. Akasema amelitamka neno hilo tangu utoto na hakuwahi kulisikia. Alichukua raba moja, akaipigapiga sakafuni, akafikiri, kisha akasema labda ni kwa sababu viatu vya zamani vilikuwa na soli ngumu na vilipiga kelele, na hivi vya mpira mtu akivaa humsikii akija. Mzee Sefu akasema hilo watoto wa darasani kwake wanalijua vizuri. Misi akacheka mpaka akashika meza. Halafu akanisukumia raba, akasema kosa lipo na amelisikia, na raba ni zangu vilevile, kwa sababu aliahidi kabla ya kujua na ahadi yake haikuwa na sharti.

Aliondoka kwa treni kabla ya mashindano. Mimi nikaingia mazoezini na raba zangu, mbele nimejaza sufi ili zisinitoke. Mwalimu Mkuu akapuliza filimbi. Alikuwa mtu wa Azimio la Arusha kwelikweli, bustani ya shule aliipalilia mwenyewe pamoja nasi. Akatuuliza kama ni haki katika timu ya watoto wanane mmoja awe na viatu kwa sababu tu alijuana na mtu. Akasema si zawadi mbaya, ila tangu sasa ni raba za shule, na zitavaliwa na yule zinayemwenea, na tukazijaribu mmoja mmoja, tumejipanga mstari kwenye nyasi. Zilikataa miguu saba. Mguu wa Foibe uliingia kama umepimiwa na fundi.

Siwezi kusema nilifurahi. Nilisusa siku mbili, nikatembea upande mwingine wa barabara. Foibe alinifuata upande ule ule kila mara, zile raba amezibeba mkononi kwenye kikapu kama mayai, hakuwa amezivaa tena tangu siku ile.

Mikumi tulikwenda na lori la chama cha ushirika, lililobaki na nyuzi za pamba kwenye mbao, tukaimba Ulaya nzima. Uwanja ulikuwa kando ya barabara, umefyekwa siku hiyo hiyo, na mbigili zilikuwa zimelala juu ya vumbi zikitungoja. Mbio zangu zilikuja mapema. Nilikuwa wa nne, na nilichomwa mara tatu. Nilipokuwa nimekaa nachomoa miiba, nikamwona Foibe mstarini, amevaa raba, na kamba zinaburuta chini kama mikia ya panya. Hakujua kuzifunga. Hakuwahi kuuliza, na mimi nilikuwa nimemsusia.

Nilikwenda kwa kuchechemea, nikapiga magoti mbele yake. Nikazikaza, nikapiga fundo mara mbili kama Misi. Mikono yangu ndiyo iliyokumbuka kwamba huyu alisimama kwenye ua Jumamosi tano kwa ajili yangu.

"Zinabana?" nilimuuliza.

"Hapana," alisema. "Hilo ndilo linaloniogopesha."

Ilikuwa mizunguko minne. Mizunguko mitatu alikaa katikati ya kundi, mikono imetulia, kama mtu aliyetumwa dukani na hana haraka. Wa mwisho akatoka. Mbele alikuwa msichana wa Mikumi, mwenye nguvu, na watu wa kwao walikuwa wameshaanza kumshangilia. Kwenye kona ya mwisho msichana yule aligeuza kichwa kulia kusikiliza kama kuna anayekuja, na Foibe akampita kushoto. Hakumsikia. Nilimwona akishtuka. Mimi nilisahau miiba, nikakimbia kando ya uwanja mpaka mwisho.

Bwana michezo wa wilaya aliandika jina lake, akasema ataitwa Morogoro kukimbilia mkoa. Foibe alipolisikia hilo, furaha ikamtoka usoni, maana Morogoro haiwezi kuwa safari ya shule tu.

Tulifika Kilosa jua lingali juu ya milima. Baba alikuwa ananingoja kwenye ofisi ya ushirika. Nilimweleza yote njiani, na yeye, badala ya kukata kuelekea kwetu, akatuongoza mpaka kwa Mama Mkubwa. Mama Mkubwa alikuwa barazani, ungo wa maharage mapajani. Baba akamsalimia kwa adabu, akamwita dada, akasema amekuja kumpongeza. Akamweleza juu ya Mikumi na juu ya Morogoro, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiripotia hali ya njia ya treni. Mama Mkubwa hakuacha kuchagua maharage. Alipomaliza kusikia alimuuliza Foibe kama ni kweli. Foibe akasema ni kweli, na kwamba aliposema safari hakusema yote.

Nilijua basi ni saa mbili asubuhi.

"Nimekulea miaka miwili humu ndani," Mama Mkubwa alisema mwishowe, "na watu wa Mikumi wameona nisichokiona mimi. Kimbia nikuone."

Foibe akauliza wapi. Akaonyeshwa njia yetu, mpaka kwa muuza mkaa na kurudi. Foibe akainama, akazifungua kamba mwenyewe, akazivua raba na kuziweka barazani, karibu na mguu wa Mama Mkubwa, zisiingie vumbi. Kisha akaondoka pekupeku. Watoto wakampisha, kuku wakatawanyika, na mguu wake uligonga ardhi hata sisi tuliosimama mbali tukausikia. Alizunguka gunia la mwisho la mkaa. Alipogeuka uso wake kutuelekea, Mama Mkubwa alikuwa ameshasimama, na maharage yote yalikuwa chini.